Posa ya Maneno Makavu

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na shule zao, mabaraza yao na harusi zao za kualikana, kulikuwa na bonde moja likiitwa Mkangazi. Sogeeni karibu. Na wewe uliye huko nyuma, acha kumchokoza mwenzako. Hadithi hii nikiisimulia huwa napandwa na hasira, na leo nimeshaanza kupandwa hata sijafika popote.

Katika bonde hilo aliishi Pimbi mmoja, jina lake Sikudhani. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo ka mawe, hakana mkia wala pembe, ukikaona kwa mbali unadhani ni panya aliyenenepa. Basi kanyama hako ndiko kalikokuwa mwalimu wa lugha wa bonde zima. Alifundishia juu ya jabali, wanafunzi wakikaa chini kivulini, na sauti yake ilikuwa kali mno, ikifika mpaka mtoni.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa tamathali za semi.

"Tashbihi!" alikuwa akipaza sauti. "Nani ananiambia?"

"Mimi, mwalimu! Mimi! Mimi hapa!"

"Haya, Kobe."

"Ni ku... ku-fa-na-ni-sha..."

"Taratibu, baba, hatuna haraka."

Darasa zima kwa! kwa! kwa! Kobe mwenyewe akacheka, kisha akamaliza: "Ni kufananisha kitu na kitu kwa kusema kama, au mithili ya."

"Barabara! Na sitiari?"

"Ni kukiita kitu kwa jina la kitu kingine moja kwa moja, bila kusema kama!" Huyo alikuwa Riziki, binti Digidigi, mdogo kuliko wote darasani, aliyekaa mbele kabisa kwa sababu akikaa nyuma haoni kitu.

Siku hiyo Mwalimu Sikudhani akawapa kazi. "Kila mmoja achague mtu anayemjua. Amwangalie vizuri, asimwangalie juu juu. Kisha aandike mistari mitatu, humo nione tashbihi na sitiari. Na sitaki za kuokota njiani! Mambo ya 'mweupe kama theluji' sitaki kuyaona. Theluji yenyewe nani kati yenu ameigusa?"

Kesho yake wakasoma kazi zao mmoja mmoja. Zamu ya Riziki ilipofika, akasimama na kibao chake, akasoma:

"Jumbe wetu huja ukingoni kama mgeni na kuondoka kama moto. Jumbe wetu ni nzige mwenye pembe. Yeye akishashiba, sisi hubaki tunanusa vumbi."

Darasa likaangua kicheko, wengine wakaanguka chini pu! pu! wakijishika mbavu.

Mwalimu hakucheka, kwa kuwa maneno yale yalikuwa kweli tupu. Nyasi za ukingo wa mto, watoto, zilikuwa za wanyama wadogo. Ndivyo walivyokubaliana wote tangu enzi za babu zao: kiangazi kikiingia, wakubwa wapande malisho ya juu, wadogo waachiwe ukingo. Lakini mwaka ule Jumbe Nyati, mkuu wa bonde, alikuwa akishuka kila asubuhi na ukoo wake mzima. Chwaa, chwaa, chwaa! Wakiondoka huoni hata unyasi wa kutolea meno uchafu. Mama yake Riziki alikuwa akiwapa watoto maganda ya miti. Mtoto anakwenda shule na maganda tumboni, na mkubwa anacheua nyasi zake! Ninyi mnaona sawa? Mimi sioni sawa.

"Riziki," mwalimu akasema, "kumi kwa kumi. Umemwangalia mtu wako vizuri."

Kumbe nyuma ya jabali alikuwa amejibanza Katibu Ngiri, karani wa Jumbe, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Alipopata alichokitaka, akasimamisha mkia juu na kutimua mbio, vumbi tifu! tifu! mpaka kwa bwana wake.

Haikupita hata nusu saa, ardhi ikaanza kutikisika. Gwa! Gwa! Gwa! Jumbe Nyati huyo, na Katibu Ngiri nyuma yake.

"Shikamoo, Jumbe," wanafunzi wakaamkia kwa pamoja.

Hakuitikia. Watoto wadogo wamemwamkia, naye hakuitikia!

"Nani ameniita nzige?" akanguruma. "Phrrr! Nzige ana miguu sita, mimi ninayo minne. Nzige anaruka, mimi sijapata kuruka hata siku moja. Huu ni uongo!"

"Si uongo, Jumbe," mwalimu akasema kwa upole. "Ni sitiari."

"Huyo Sitiari ndiye nani? Aletwe hapa upesi!"

Katibu Ngiri akamnong'oneza: "Nadhani ni kitu cha kwenye kibao, Jumbe."

"Basi hicho kibao kimenipaka matope! Mimi ndiye nguzo ya bonde hili! Mimi ndiye kivuli chenu! Nimewabeba mgongoni miaka yote, na leo kitoto cha jana kinanitia kidole jichoni?"

Riziki akainua ukwato. "Mwalimu, Jumbe naye ametumia sitiari. Nguzo, na kivuli, na..."

"Kaa chini, mwanangu," mwalimu akamkatiza haraka, maana alikuwa ameshaziona pembe zikiinama.

"Sikilizeni!" Jumbe akapaza sauti. "Kuanzia leo, katika bonde langu hakuna kufananisha! Mti ni mti. Jiwe ni jiwe. Jumbe ni Jumbe. Kila kitu kiitwe kwa jina lake, basi! Na wewe kitoto, shule kwako imekwisha. Nikikuona tena kwenye jabali hili, wewe na mama yako mtafungasha mhame bonde. Na wewe, Pimbi, nakupa siku saba. Uyafute mambo hayo vichwani mwao, la sivyo kazi yako nampa Katibu."

"Kwani Katibu anajua kufundisha?"

"Anajua kunyamaza," akasema Jumbe. "Ndicho ninachotaka wajifunze."

Gwa! Gwa! Gwa! Akaondoka, na kibao cha Riziki akakikanyaga kwa makusudi kabisa, ka!

Mtoto wa watu akaokota vipande vyake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, lakini hakulia mbele ya wenzake. Alipomfikia mwalimu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote."

"Sasa mbona nimefukuzwa?"

Mwalimu Sikudhani akampangusa vumbi begani, akamwambia aende kwanza nyumbani kwa mama yake. Akamtazama Riziki akishuka peke yake kuelekea kwao, saa ambayo wenzake wote wako darasani, na hasira ikampanda. Laiti angekuwa na pembe siku ile! Hakuwa nazo. Meno yake mawili ya mbele yasingeweza hata kuukwaruza ukwato wa Nyati.

"Sawa," akajisemea. "Amesema kila kitu kiitwe kwa jina lake. Na kiitwe."

Maana alikuwa amekumbuka jambo. Siku ya tano yake, Jumbe Nyati alikuwa na safari ya Kilima cha Migunga, kwa Mzee Twiga, kumposea mwanawe Shomari. Mzee Twiga alikuwa na binti, Siwema, mrefu na mpole, mwenye akili zake. Vilevile Mzee Twiga alikuwa na chemchemi, na hiyo ndiyo iliyokuwa chemchemi pekee isiyokauka kiangazi. Jumbe aliitamani posa ile kuliko kitu chochote. Mkumbuke hilo.

Asubuhi yake mwalimu akaenda kwa Jumbe, akamkuta amejilaza kwenye tope lake, Katibu Ngiri akimpunga nzi kwa tawi.

"Hodi, Jumbe. Nimekuja kuomba radhi."

"Ahaa! Umepata akili."

"Nimelala nikiiwaza amri yako. Amri nzito ile! Bila shaka imeshaandikwa?"

Jumbe akamwangalia Ngiri. Ngiri akayatazama majani ya tawi lake.

"Haijaandikwa?" mwalimu akashangaa, akashika na kifua. "Aa, Jumbe! Amri kubwa kama... samahani, amri kubwa tu. Amri kubwa iachwe hivihivi, wajanja waje kuipindisha?"

"Katibu! Andika upesi!" Jumbe akanguruma.

"Kama hutajali, mimi nitaisema, Katibu aandike," akasema mwalimu. "Andika: Mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, asifananishe kitu na kitu kingine, awe nyumbani au ugenini."

"Nyumbani au ugenini! Tamu hiyo! Weka!"

"Atakayevunja amri hii ahamishwe bonde, awe nani, awe wa nyumba ya nani."

"Weka!"

"Na amri hii asiifute mtu yeyote isipokuwa Jumbe mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa amesimama mbele ya wageni."

Hapo Jumbe akatega sikio moja. "Wageni wa nini tena?"

"Ili hata huko nje wajue kuwa neno la Jumbe si la kuchezewa."

Kifua cha Jumbe kikavimba, kikavimba, hata tope likamwagika pembeni. "Weka na hiyo! Weka!" Akaupiga ukwato wake juu ya gome lililoandikwa, gwa! Huo ndio uliokuwa muhuri.

"Sasa nina ombi dogo," mwalimu akaendelea. "Posa ya Shomari, nani mshenga wako?"

"Korongo."

"Korongo mzee wa watu, huzunguka mno. Nipe mimi. Watu wanione, mimi niliyekukosea, nikikutumikia mbele za wakwe."

Jumbe akaiwaza picha ile. Pimbi yule yule, mwenye ulimi ule, akimtangulia njiani kama mtumishi! Ikampendeza sana.

"Na utasema vizuri?"

"Nitasema kama amri yako ilivyo, Jumbe. Sitaongeza wala sitapunguza."

"Basi ni wewe."

Mtaniuliza, hakustuka? Hakustuka! Hebu fikirini: mtu mzima huyu hajawahi kukaa darasani hata siku moja, lakini ana amri ya kulipa darasa. Yeye alidhani tamathali ni kitu cha chokaa na kibao, kitu cha kuwasumbua watoto. Hakujua kwamba mshenga akisimama mbele ya wakwe, maneno anayoyasema ni somo lile lile la kwenye jabali.

Siku ya posa ikafika. Jumbe akapaka pembe zake mafuta. Shomari, bwana harusi mtarajiwa, akaamshwa kwa taabu, akasafishwa masikio, akapewa kitu cha kutafuna ili atulie. Katibu Ngiri akabeba ile amri, maana Jumbe alitaka Mzee Twiga aione. Mwalimu Sikudhani akatangulia mbele, hatua zake ndogondogo, tipu tipu tipu.

Walipofika kilimani wakapokewa vizuri. Wakatandikiwa mikeka, wakaletewa maji ya chemchemi ndani ya vibuyu, baridi kabisa. Jumbe akanywa cha kwanza, cha pili, cha tano, macho yakamrembuka. Mzee Twiga na mkewe wakakaa upande wao, na Siwema nyuma yao, amejifunika khanga mpaka kwenye pua.

Mzee Twiga akakohoa kidogo, akaanza kama desturi inavyotaka. "Wageni wetu, karibuni. Tumewaona mnapanda kilima jua kali. Je, mmepotea njia, au kuna mfugo wenu umekimbilia huku?"

Hapo, watoto, mshenga yeyote angejua la kujibu. Mwalimu Sikudhani akasimama juu ya kigoda ili aonekane.

"Hatujapotea, Mzee. Wala hakuna mfugo. Tumemfuata binti yako Siwema. Tunataka aolewe na Shomari, huyu hapa anayetafuna."

"Yuuuu!" Mama Twiga akashika mdomo. Mashangazi waliokuwa uani wakachungulia.

Jumbe akataka kumkanyaga mwalimu mkia, akakumbuka hana mkia. "We! Ndiyo nini hivyo?"

Mzee Twiga alikuwa muungwana. Akatabasamu kwa shida. "Labda mgeni wetu amechoka na njia. Mnataka kusema kwamba kuna kitu mmekiona katika bustani yetu?"

"Sioni bustani, Mzee. Naona migunga tisa, mkeka, wewe na mkeo."

"Hm! Na huyo... jogoo wenu, anawika namna gani?"

"Si jogoo, ni nyati. Hawiki, anakoroma. Anaamka jua likiwa utosini. Leo ameamshwa na watu watatu."

Shomari akaacha kutafuna. "Wanne," akasema.

Sasa wanaume wa upande wa Twiga wakaanza kunong'onezana huko juu, shingo zikigongana, tu, tu. Jumbe jasho likamtoka. Akainamisha kichwa mpaka kwenye sikio la mwalimu.

"Pimbi, unanichoma! Pamba maneno! Sema kama washenga wanavyosema!"

"Washenga hufananisha, Jumbe," mwalimu akajibu, wala hakunong'ona. "Katibu, hebu tusomee amri, wenyeji wetu waisikie."

Ngiri, ambaye hakuwa na akili ya kunyamaza siku aliyotakiwa kunyamaza, akaikunjua na kuisoma kwa sauti yake nene: "Mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, asifananishe kitu na kitu kingine, awe nyumbani au ugenini..."

"Nyamaza wewe!" Jumbe akafoka.

"Amri hii ni ya nani?" Mzee Twiga akauliza.

"Ni ya Jumbe, Mzee," akasema mwalimu. "Kuna mwanafunzi wangu, binti mdogo, aliandika mistari mitatu kwa kufananisha. Amefukuzwa shule. Kibao chake kimevunjwa. Mama yake ametishiwa kuhamishwa. Kwa hiyo nami naogopa. Mlikuwa mnauliza habari za bwana harusi, niendelee?"

"Usiendelee!" akasema Jumbe.

"Endelea," akasema Mama Twiga, uso umekunjamana. "Nataka kujua. Kwa nini wamekuja kwetu, na mabinti wako kila mahali?"

"Kwa sababu ya chemchemi, mama. Kiangazi kimekuwa kikali na Jumbe anataka maji yenu."

Lo! Mzee Twiga akasimama. Twiga akisimama, watoto, inachukua muda, na kila mtu anapata nafasi ya kuogopa. Mashangazi wakaanza kukunja mikeka, fya! fya! pamoja na ule aliokalia Jumbe. Vibuyu vikaondolewa. Jumbe akaona chemchemi inakwenda, posa inakwenda, heshima inakwenda.

"Ngojeni! Jamani, ngojeni!" akalia. "Mwalimu! Mwalimu wangu! Sema ile nyingine! Ile ya maua!"

Siku zote alikuwa akimwita Pimbi. Leo akamwita mwalimu.

"Siwezi, Jumbe. Nitahamishwa."

"Naifuta amri!"

"Umekaa."

Jumbe akainuka. Akatazama huku na huku. Watu wa kilima, ambao kwa bonde lake ndio wageni, wote walikuwa wakimtazama kutoka juu.

"Naifuta amri," akasema.

"Watu wa nyuma hawajasikia, Jumbe."

"NAIFUTA! Kila mtu afananishe anavyotaka!"

"Na Riziki?"

"Arudi shule! Kesho! Nitampa na kibao kipya!"

Mwalimu Sikudhani hakushuka kwenye kigoda. Hasira aliyoibeba tangu siku ile alikuwa bado nayo, na sasa akaitoa yote. "Unadhani tatizo lilikuwa neno 'nzige', Jumbe? Wale watoto wanakula maganda! Umezimaliza nyasi zao, wao wakasema tu walichokiona, ukawafunga midomo badala ya kufunga wako! Nyasi za ukingoni ni za nani?"

"Hilo halimo katika amri..."

Mwalimu akakunja mikono, akakaa. Mkeka mwingine ukakunjwa, fya!

"Za wadogo!" Jumbe akasema haraka. "Ni za wadogo, hatutashuka tena!"

Mzee Twiga akainamisha shingo yake ndefu taratibu mpaka uso wake ukakutana na wa Jumbe. "Nimesikia," akasema. "Na kutoka hapa kilimani, Jumbe, naona mpaka ukingoni. Kila asubuhi nitakuwa natazama."

Ndipo mwalimu akapanda tena kigoda chake, akasafisha koo, na sauti yake ikageuka kabisa.

"Mzee wetu, mama yetu, na ninyi nyote wenye kilima. Tulikuwa tunapita huko chini, kiangazi kimetukausha midomo, mara tukasikia harufu nzuri. Tukaulizana, bonde lote ni kavu, harufu hii inatoka wapi? Pua zetu zikatuleta mlangoni kwenu. Tunaambiwa hapa kuna ua. Hatukuja kulichuma, tumekuja kubisha hodi na kuuliza kama lina mwenyewe. Nasi kwetu tuna mche mmoja. Bado haujanyooka, unahitaji kuegemezwa, lakini ni mche. Ua likikubali, tutavipanda pamoja. Likikataa, tutashukuru kwa harufu na kushuka tulikotoka."

"Aaaa!" wakasema mashangazi, na mikeka ikaanza kurudi chini. Hata Jumbe alifunga macho akisikiliza, kama vile maneno yale ameyatunga yeye.

Mzee Twiga akageuka nyuma. "Siwema, mwanangu, umesikia?"

Siwema akashusha khanga kutoka usoni. Alikuwa amesikia yote, ya kwanza na ya pili, na alikuwa na akili zake, niliwaambia.

"Baba, ua limewasikia wageni na limefurahi kunuswa," akasema kwa adabu. "Ila limeona kwamba mlangoni wamekuja na ndoo, hawakuja na kikapu. Nao mche wao unamtafuta mtu wa kuuegemeza, na ua halina mabega. Wageni wanywe maji washibe, kisha washuke salama kabla jua halijawa kali zaidi."

Mama Twiga akatabasamu. Mashangazi wakapiga vigelegele vidogo vya heshima. Hakuna aliyetukanwa wala aliyegombana na mwenzake. Wageni wakaletewa tena vibuyu, wakanywa, wakaagana vizuri, wakaanza kuteremka kilima.

Jumbe Nyati alikuwa amechangamka sana. Alitembea kwa madaha, gwa, gwa, gwa, mpaka walipofika katikati ya mteremko. Hapo akamsogelea mwalimu.

"Umesema vizuri mno, Mwalimu. Na binti naye kasema vizuri. Eti ndoo! Nadhani tulete nyingi, eh? Shomari, umesikia? Tumekubaliwa!"

Shomari alikuwa anatafuna. Katibu Ngiri akatazama pembeni kwa bidii, kama mtu aliyepoteza kitu majanini.

"Mbona mmenyamaza? Binti kasema ndiyo, si ndivyo?"

Mwalimu Sikudhani akaendelea kutembea, tipu tipu tipu.

"Jumatatu asubuhi njoo kwenye jabali, Jumbe," akasema. "Utakaa mbele na Riziki, atakueleza."

Watoto wangu, mkubwa akiwakataza kusema jambo linafanana na nini, jueni anaogopa lisijulikane lilivyo.